Miezi Sita Kabla ya Kisu

Kwa miaka 16 nilipata riziki nikiwa nimekaa. Nilikuwa dereva na mwongozaji wa watalii, nikiishi Tengeru na kuwachukua wageni Arusha kuwapeleka Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, na katika kazi hiyo mwili hauulizwi kama umechoka. Lami ni nzuri hadi lango la Loduare, lakini baada ya hapo ni vumbi, mawe na barabara iliyojikunja kama bati, na gari hutikisika kwa namna ambayo mgeni huisimulia kwa furaha kwa sababu yeye hupita mara moja tu. Mimi nilipita hapo zaidi ya mara 40 kwa mwaka. Nilikagua tairi, springi na maji ya rejeta kila alfajiri, lakini kiti nilichokikalia sikuwahi kukifikiria hata siku moja.

Maumivu ambayo karibu yanifikishe kwenye kisu cha daktari yalianza mwezi wa Agosti, katikati ya msimu wa wageni. Yalikuwa upande wa kushoto wa msamba, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, na mwanzoni yalikuwa muwasho wa moto uliokuja baada ya saa nne za kuendesha na kuisha nikishuka kunyoosha miguu. Kufikia Novemba muwasho huo ulikuja baada ya dakika kumi, ukiambatana na hisia ya ajabu kwamba nimekalia bunzi la mahindi lililokwama ndani. Nikisimama, ulipungua. Nikilala, ulitulia kabisa, na asubuhi niliamka nikidhani nimepona, hadi nilipokaa kunywa chai.

Naeleza sehemu hizi kwa majina yake kwa sababu mimi mwenyewe nilikawia miezi kadhaa nikimwambia kila mtu kwamba naumwa kiuno. Mwanamume wa umri wangu hasemi kwa urahisi kwamba anaumwa huko, hata kwa daktari, na hasa kama daktari ni kijana wa umri wa mwanawe. Kwa hiyo nilitibiwa kiuno. Nilipopata ujasiri wa kusema ukweli nusu, nilitibiwa maambukizi ya njia ya mkojo, mara nne, kwa antibayotiki za aina tofauti, ingawa kipimo cha mkojo kilikuwa safi mara tatu kati ya hizo. Kisha nikatibiwa tezi dume, kisha bawasiri ambayo hakuna aliyeiona kwa macho. Mizizi nayo nilikunywa, tena michungu, niliyoletewa na shemeji yangu kwa nia njema kabisa. Miezi 14 ilipita namna hiyo.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja mjini Moshi, mtu mzima asiye na haraka, ambaye hakuanza na vipimo bali na maswali ambayo sikuwahi kuulizwa. Aliniuliza kama maumivu yanazidi nikikaa. Aliniuliza kama huniamsha usiku. Kisha akauliza jambo lililonishangaza: je, nikikaa chooni, kwenye choo cha kukalia, naumia sawasawa na ninavyoumia kwenye kiti? Nilifikiri kidogo nikamjibu kwamba hapana, chooni naweza kukaa hata robo saa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, akanieleza kwamba kwenye choo uzito hubebwa na mifupa ya pembeni na msamba hubaki ukining'inia bila kuguswa, na kwamba tofauti hiyo ndogo huwaambia madaktari mengi. Alipopima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa na kubonyeza mahali fulani upande wa kushoto, karibu na ncha ya mfupa wa nyonga, maumivu yangu yaleyale yaliwaka, na upande wa kulia alipobonyeza sikusikia kitu.

Siku hiyo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari za mshipa wa fahamu wa pudenda. Unatoka kwenye sehemu ya chini ya uti wa mgongo, katika mizizi ya pili, ya tatu na ya nne ya sakramu, yaani mfupa wa pembetatu ulio nyuma ya nyonga, unatoka nje ya nyonga chini ya misuli ya makalio, unapita katikati ya kano mbili ngumu zilizo karibu sana, kisha unarudi tena ndani na kuingia katika njia nyembamba inayoitwa mfereji wa Alcock, kwa jina la mwanaanatomia wa Ayalandi, Benjamin Alcock, aliyeieleza mwaka 1836. Kutoka hapo hugawanyika kwenda kwenye njia ya haja kubwa, kwenye msamba na kwenye uume, au kinembe kwa mwanamke. Ndio unaotupa hisia za sehemu hizo zote, na ndio unaoiambia misuli inayozuia choo na mkojo ifunge. Nilipochorewa njia hiyo kwenye karatasi nilielewa mara moja, kwa kuwa nimeona waya wa gari uliopitishwa kati ya bodi na chesisi ukikwaruzwa kidogo kidogo kwa miaka hadi ukaanza kuleta hitilafu kwenye taa ya nyuma, mbali kabisa na pale ulipobanwa.

Daktari aliniambia kwamba maumivu haya si mapya wala si ya dereva wa Arusha peke yake. Mwaka 1987 madaktari wa Ufaransa, akiwamo Gérard Amarenco, waliyaeleza kwa waendesha baiskeli, na wenzao wa mji wa Nantes ndio waliokuja kukubaliana mwaka 2006 juu ya vigezo vitano vya kuyatambua: maumivu yawe katika eneo la mshipa huo, yazidi kwa kukaa, yasimwamshe mgonjwa usiku, pasiwe na ganzi halisi inayoonekana kwenye uchunguzi, na sindano ya ganzi ikichomwa kwenye mshipa huo iyaondoe. Kipimo cha MRI nilichofanyiwa, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, hakikuonyesha mshipa uliobanwa, na aliniambia mapema kwamba hakikuwa na kazi hiyo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna uvimbe wala tatizo la uti wa mgongo lililojificha nyuma ya dalili zangu. Alinisisitizia pia jambo ambalo nimelirudia kwa kila aliyeniuliza tangu hapo. Mtu anayeamshwa na maumivu kila usiku, au ambaye ngozi ya msamba imekufa ganzi, atafutiwe sababu nyingine. Na ganzi ikija ghafla kuzunguka sehemu zote za kukalia, mkojo ukagoma kutoka au ukatoka wenyewe, miguu ikalegea, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kukuche.

Sindano ya ganzi nilichomwa wiki tatu baadaye, kupitia makalio, daktari akiangalia njia ya sindano kwa altrasaundi. Baada ya dakika chache upande wa kushoto wa korodani ulikufa ganzi, jambo ambalo walilifurahia kwa sababu lilionyesha dawa imefika ilikokusudiwa. Nilipanda Coaster ya kurudi Arusha nikakaa kwenye kiti cha dirishani kama abiria wengine. Nilikuwa nimezoea kusafiri nikiwa nimeegemea ubavu mmoja, au kusimama nikiwa nimeinamisha kichwa hadi kondakta anakasirika. Nilikaa kutoka Moshi hadi Tengeru, na tulipopita Kikatiti niligundua kwamba machozi yananitoka. Usiku maumivu yalirudi yote.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kufikiri, na naliandika kwa kirefu kwa sababu nimekutana na wengine waliolifanya. Nilijiambia kwamba sindano imethibitisha mshipa umebanwa, na kilichobanwa kinahitaji kufunguliwa, basi nahitaji operesheni. Daktari alinisahihisha. Sindano huzima hisia zote zinazopita mahali ilipochomwa, ziwe zimeanzia palepale au mbele zaidi, kwenye misuli au kwenye ngozi. Ukichomoa fyuzi taa huzima, lakini bado hujajua waya umeharibika wapi, wala kama umeharibika waya au kitu kinachoubana. Kwa upande wangu alikuwa ameona kitu kingine alipopima kwa kidole: misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoziba nyonga kwa chini, na hasa msuli unaopakana na ule mfereji wa Alcock, ilikuwa imekaza kama kamba ya tanga upande wa kushoto. Inawezekana, alisema, msuli ndio unaoubana mshipa, na msuli hulegezwa kwa mikono, si kwa kisu.

Mimi nilikuwa na sababu ya kutoiamini mikono. Kabla ya kufika Moshi nilikwisha kufanyiwa mazoezi ya viungo mjini Arusha kwa miezi miwili, na yaliniharibia. Sikuwa nimemweleza ukweli wote mtaalamu yule, kwa hiyo alinitibu kama mtu mwenye mgongo dhaifu: kuchuchumaa na kuinuka mara 30 nikiwa nimebeba uzito, kuvuta goti hadi kifuani ili kunyoosha misuli ya makalio, na kukaza misuli ya msamba mara 100 kwa siku kana kwamba nazuia mkojo. Mazoezi haya ya mwisho yanajulikana kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaandika mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake ambao misuli yao ilikuwa imelegea na mkojo ukawa unawatoka. Kwa mtu aliyelegea ni tiba nzuri sana. Mimi misuli yangu ilikuwa imekaza saa 24, na kila nilipoikaza zaidi nilikuwa naufinya mshipa uleule. Nilitoka huko nikishindwa kukaa hata dakika tano, na nikaandika moyoni kwamba fiziotherapia haifai kwa ugonjwa huu. Kumbe nilichokuwa nimepewa ni kinyume cha nilichohitaji.

Wakati huohuo familia ilikuwa imeanza kuchangishana. Shemeji aliyeko Dar es Salaam alikwisha kuulizia hospitali za India, kundi la simu lilikuwa limefunguliwa, na baba mkubwa aliitisha kikao nyumbani siku ya Jumapili. Sikuweza kukaa, nikashiriki kikao nikiwa nimepiga magoti kwenye mkeka kama mtu anayeomba radhi.

"Mwanangu," baba mkubwa aliniambia, "fedha si nyingi lakini zitapatikana. Tuambie tu hiyo operesheni wanafanya nini, maana tukichanga tujue tunachangia nini."

Sikuweza kumjibu. Nilijua jina la operesheni na gharama ya tiketi ya ndege. Sikujua wanakata wapi. Nilimwomba anipe muda nikaulize, na nilirudi Moshi, ambako daktari wangu alinikutanisha kwa simu na daktari bingwa wa upasuaji aliyekuwa ameifanya operesheni hiyo akiwa nje ya nchi. Mazungumzo yale ya dakika 40 ndiyo yaliyonifundisha zaidi kuliko yote niliyokuwa nimeyasoma.

Alinieleza kwamba zipo njia kadhaa za kuufikia mshipa huo, na ile iliyoanzia Nantes kwa kazi ya daktari Roger Robert na wenzake hupita kwenye kalio: misuli mikubwa hutenganishwa, kano zilizoubana mshipa hukatwa, mfereji hufunguliwa, na mshipa husogezwa mbele ya ncha ya mfupa ili usivutwe tena mtu akikaa. Nilimuuliza kama huponya. Hakunijibu ndiyo wala hapana. Alinitajia utafiti wa Nantes uliochapishwa mwaka 2005, ambapo wagonjwa 32 waligawanywa kwa kura, 16 wapasuliwe na 16 waendelee na tiba nyingine. Baada ya miezi mitatu nusu ya waliopasuliwa walikuwa wamepata nafuu, na baada ya miezi 12 waliopata nafuu walikuwa asilimia 71.4 upande wa operesheni na asilimia 13.3 upande wa pili. Akanitaka niyasome maneno hayo kwa makini. Nafuu maana yake maumivu yamepungua. Hao walikuwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, ambao tiba nyingine zilikwisha kushindwa, na waliopasuliwa na watu walioijua kazi hiyo kuliko karibu wote duniani. Bado zaidi ya mmoja kati ya kila wanne hakupata kitu.

Kisha akanihesabia hatari bila kupunguza neno. Kidonda kiko karibu na njia ya haja kubwa, kwa hiyo kinaweza kuoza. Mshipa mkubwa wa damu unapita sambamba na huo wa fahamu na unaweza kutoboka. Mshipa wenyewe, ambao tayari umechoka, unaweza kujeruhiwa zaidi kwa kuguswa tu, na mtu akatoka na ganzi, au na udhaifu wa kuzuia hewa na choo, au na mabadiliko katika tendo la ndoa. Kovu linaweza kuota na kuubana upya, na operesheni ya pili mahali penye kovu ni ngumu kuliko ya kwanza. Kano zilizokatwa zilikuwa na kazi ya kushikilia kiungo kinachounganisha nyonga na sakramu. Wengine hubaki na maumivu ya kiungo hicho, mapya kabisa. Na wapo ambao maumivu yaleyale huzidi. Mwenye bahati naye hainuki kitandani akiwa amepona, kwa kuwa nyuzi za mshipa wa fahamu hujirekebisha kwa kasi ya milimita moja hivi kwa siku, na hukumu ya operesheni hutolewa baada ya mwaka, wakati mwingine zaidi.

"Kaka, nikikupasua leo," alimalizia, "bado kesho utahitaji mtu wa kukulegeza hiyo misuli. Kwa nini usianze na hicho?"

Nilirudi kwa baba mkubwa na jibu kamili, nikaomba miezi sita. Tulikubaliana kwa kipimo kinachoonekana, kwa sababu mgonjwa wa maumivu ya muda mrefu hujidanganya kwa matumaini na kwa kukata tamaa vilevile. Wakati huo nilikuwa naweza kukaa dakika saba. Kama baada ya miezi sita nisingefikia dakika 20, mchango ungeendelea na ningekwenda.

Moshi ni mji ambao kwa miaka mingi umekuwa ukifundisha wataalamu wa fiziotherapia pale hospitali ya KCMC, na nadhani hilo ndilo lililonifanya nimpate katika mji huohuo mtu aliyeijua misuli ya nyonga, kijana aliyeniita mzee na kuniomba ruhusa kabla ya kila hatua. Wiki mbili za kwanza hakunigusa ndani. Alinifundisha kupumua. Nililala chali, miguu juu ya kiti, mkono mmoja tumboni, nikaagizwa nivute pumzi hadi tumbo liinuke na nisikilize msamba ukishuka pamoja nayo. Nilidhani ananipotezea nauli. Siku ya tisa niliisikia misuli ile ikishuka, kitu kidogo sana, kama mtu anayefungua ngumi, na ndipo nilipotambua kwamba kwa zaidi ya mwaka mzima sikuwahi kuifungua, hata usingizini.

Baada ya hapo ilifuata kazi yenyewe. Alibonyeza misuli ya makalio na ya ndani ya mapaja kwa nje, kisha, kwa glovu na mafuta, msuli wa ndani kupitia njia ya haja kubwa, akilitafuta fundo na kulishikilia bila kusugua kwa dakika moja au mbili hadi lilegee. Mke wangu alikaa nami chumbani mara ya kwanza, kwa ombi langu. Sitasema ni jambo jepesi kwa mwanamume wa huku, lakini baada ya kikao cha tatu aibu ilikuwa imekwisha na kilichobaki ni mgonjwa na tiba yake. Aliniwekea kanuni moja ya usalama ambayo nadhani kila mgonjwa apewe: maumivu yakizidi baada ya kikao na kutulia ndani ya siku mbili, tunaendelea kwa upole zaidi, yakikaa wiki, au ikija ganzi mpya, tunasimamisha na daktari anaitwa. Mara mbili tulisimamisha. Mara zote mbili ilikuwa kwa sababu mimi nilizidisha kunyoosha nyumbani nikidhani haraka itasaidia.

Nyumbani kulikuwa na mengi madogo ambayo kwa jumla yake yalikuwa makubwa. Fundi wa makochi wa pale Tengeru alinikatia sponji ngumu yenye uwazi katikati kuanzia mbele hadi nyuma, ili mifupa ya kukalia ibebe uzito na msamba uelee, kama ilivyo chooni. Ile pete ya kupuliza wanayouziwa wenye bawasiri nilikuwa nimeijaribu kabla, ikanibana pembeni zaidi. Choo kigumu kilikuwa adui mwenyewe, maana kujikamua chooni huuvuta mshipa kila siku. Nikaweka kigoda chini ya miguu, nikala mlenda na papai na kunywa maji kama ninayesafiri jangwani. Hapa dawa ilinisumbua. Nilikuwa nimeandikiwa amitriptilini miligramu 10 usiku, dawa ambayo kwa kiasi kidogo hutuliza mishipa ya fahamu iliyochokozwa, na kweli ilinisaidia kulala bila wasiwasi, lakini yenyewe hukausha mdomo na kukaza choo, na asubuhi huacha kichwa kizito. Kwa dereva hilo si jambo dogo. Niliacha usukani kabisa kwa miezi ile, na daktari akaniongezea dawa ya kulainisha choo badala ya kuongeza kipimo cha amitriptilini.

Niliandika dakika za kukaa kwenye daftari la watoto. Mwezi wa kwanza zilibaki saba, na siku moja zilikuwa nne. Mwezi wa pili zilifika 11. Mwezi wa tatu nilipata mafua, nikakohoa wiki nzima, na zikarudi sita. Usiku huo nilimpigia shemeji nikamwambia aendelee kuulizia India, na hakuna aliyenilaumu. Mwezi wa tano zilikuwa 26. Siku ya kikao cha pili cha familia nilikaa kwenye sponji yangu dakika 35, baba mkubwa akiangalia saa ya ukutani bila kusema neno.

Ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo na kumfanya msomaji aione operesheni kama adui. Katika chumba cha kusubiria kule Moshi nilifahamiana na mwalimu mmoja wa Arusha, dada mwenye utulivu mwingi, ambaye maumivu yake yalianza asubuhi ileile alipoamka kutoka kwenye operesheni ya kuinua kizazi kilichokuwa kimeshuka. Uzi ulikuwa umeshonwa kwenye kano ileile ambayo mshipa wa pudenda hupita nyuma yake. Yeye alikandwa na kupumulishwa kwa mwaka mzima bila hata siku moja ya nafuu, na miezi ile, aliniambia, ilikuwa imepotea bure. Alikwenda nje, uzi ukaondolewa na mshipa ukafunguliwa. Mwezi wa kwanza maumivu yalizidi hadi akajuta. Mwezi wa nane yalianza kupungua, na nilipomfahamu, miezi 14 baada ya operesheni, alikuwa anaweza kukaa darasani kipindi kizima, ingawa kiungo cha nyonga kilimuuma akipanda ngazi na alikuwa bado anakuja kulegezwa misuli. Nilimuuliza kama angerudia. Alisema angerudia, tena mapema zaidi. Kwake palikuwa na kitu kinachojulikana, kilichoingia siku inayojulikana, na mikono ya mtu isingekitoa. Kwangu palikuwa na msuli uliokaza. Majina ya maradhi yetu kwenye faili yalikuwa mamoja, na kama tungebadilishana tiba, nadhani sote wawili tungeumia.

Kwa hiyo sasa, mtu akiniuliza habari za operesheni, humrudishia maswali ambayo mimi sikuyauliza mapema. Je, maumivu yalianza baada ya kuzaa, kuanguka, kupasuliwa, au polepole kwa kukaa? Je, kuna aliyepima misuli ya ndani kwa kidole na kulinganisha pande mbili? Mazoezi aliyofanya yalikuwa ya kukaza au ya kulegeza? Daktari atakayepasua ameifanya kazi hii mara ngapi, atapita wapi, atakata kano zipi, na baada ya operesheni nani atamhudumia huku nyumbani wakati yeye amebaki ng'ambo? Hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, kwa sababu mchango hukusanywa kwa ajili ya tiketi na kitanda, na mwaka wa kupona hauna mchango.

Mimi sikupona kabisa. Naendesha saa moja na nusu, kisha nashuka. Serengeti siendi tena, na niliuza nafasi yangu kwenye gari kwa uchungu ambao sikuutegemea. Lakini kutembea hakukuwahi kuniumiza, hivyo siku hizi nawaongoza wageni kwa miguu, kuzunguka Ziwa Duluti asubuhi na mara mojamoja kwenda Materuni kwenye maporomoko, na jioni nalala chali, miguu juu ya kiti, nikipumua kama nilivyofundishwa.

Mwezi uliopita dereva kijana alinipigia simu kutoka Karatu. Alikuwa na mwaka mmoja wa antibayotiki, bahasha ya vipimo safi vya mkojo, na jina la hospitali ya nje aliyopewa na rafiki. Nilimwambia aje na bahasha yake. Alifika akiwa amesimama ndani ya gari la mwenzake, ameshika chuma cha juu wanachoshika wageni wanapotazama simba. Nilimwonyesha kiti akakitazama bila kukisogelea, nikakumbuka. Basi tukateremka hadi ziwani, tukauzunguka msitu wote taratibu, na maswali yangu nikamuuliza tukitembea.